Haki ya Mfanyakazi Aliyepunguzwa Kazi

Mafungu ya kusoma: Kumbukumbu la Torati 15:12-15, Mathayo 20:1-16, Matendo ya Mitume 6:1-7.



Huenda wengine wataona kuwa somo hili liko mbali na Kipili. Sisi hapa hatuna kiwanda cha nguo. Tuna ziwa, mitumbwi, dagaa na migebuka, na mashamba yetu. Lakini wako watoto wetu waliokwenda kutafuta kazi Mbeya, Morogoro na Dar es Salaam, na wako wanaorudi. Mtu hushuka na begi lake na godoro lake, na kabla hajapumzika watu wameanza kunong'ona: Amefanya kosa gani huko? Ameiba? Alikuwa mlevi?

Mara nyingi hakuna kosa. Kiwanda kimepunguza watu, au kimefungwa kabisa, kwa kuwa bidhaa za namna ile ile zimeingia kutoka nchi za nje kwa bei nafuu zaidi. Basi swali la somo letu ni hili: Mtu anapopoteza kazi kwa njia hiyo, je, anadai kitu, au anaomba tu? Na kama anadai, ni nani anayedaiwa? Serikali yadaiwa nini, na sisi Wakristo twadaiwa nini?

1. Jambo hili si geni Ufipa

Babu zetu wa Ufipa walikuwa na viwanda vyao. Walifua chuma. Katika nchi yetu bado yako mabaki ya matanuru marefu ya udongo, yaitwayo malungu, yanayopita kimo cha mtu. Mawe ya chuma yaliyeyushwa humo kwa makaa, bila kuvuviwa mivuo. Kisha chuma kile kilisafishwa katika tanuru dogo, ndipo wahunzi wakafua majembe, mashoka na mikuki. Pia Wafipa walikuwa wafumaji. Pamba ililimwa, ikasokotwa nyuzi, na wanaume wakafuma nguo nzito kwa mitambo iliyolazwa karibu na ardhi. Wasafiri wa Kizungu waliopita huku katika karne ya 19 waliiona kazi hiyo, wakaiandika.

Kisha nguo za ng'ambo zikaja. Tangu miaka ya 1830 meli za Marekani zilileta Unguja kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa mashine katika jimbo la Massachusetts. Ndiyo maana wazee wetu walikiita merikani. Misafara ikakipeleka bara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopiganwa Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, kitambaa hicho kiliadimika, na nguo za Uingereza na za Bombay zikachukua nafasi yake. Baadaye yakaja majembe ya Ulaya. Tena serikali za kikoloni zilidai kodi, na watu wakalazimika kutafuta fedha kwa kazi nyingine. Mfumaji aliyetumia siku nyingi kwa nguo moja hakuweza kushindana na mashine. Kufikia katikati ya karne ya 20 matanuru yalikuwa yamepoa.

Je, mfua chuma na mfumaji wa Ufipa walipewa nini? Hawakupewa kitu. Hakuna aliyewaita, hakuna aliyewafundisha kazi nyingine, hakuna aliyewauliza watakula nini. Twalitaja hili tujue kwamba mtu anayerudi leo kutoka kiwandani si wa kwanza katika ukoo wetu.

2. Viwanda vyetu vya nguo

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, taifa letu liliazimia kuvaa nguo za pamba yake lenyewe. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Vikafuata au kukua vingine, kama Mwatex cha Mwanza, Mutex cha Musoma, Kiltex, na kile cha Mbeya. Maelfu ya watu walipata kazi humo, wakajenga nyumba, wakasomesha watoto.

Tusidanganyane kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Vipuri vilikosekana kwa ukosefu wa fedha za kigeni, umeme ulikatika, uongozi mahali pengine ulikuwa mbaya. Wenye umri mkubwa kati yetu wanakumbuka mwanzo wa miaka ya 1980, jinsi khanga moja ilivyotafutwa kama dawa. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha za kigeni waingize bidhaa, na nguo za mitumba zikamiminika. Mwaka 1986 nchi ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na milango ikafunguliwa zaidi. Katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yakaanza kuuzwa au kufungwa. Mwatex na Mutex vilisimama. Urafiki ukawa kampuni ya ubia, China ikiwa na hisa 51 kwa mia na Tanzania 49. Katika miaka hiyo neno "ridandansi" likaingia vinywani mwa watu.

Je, serikali ingefunga mlango tena? Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuacha mitumba hatua kwa hatua katika muda wa miaka mitatu. Mwaka 1917 wafumaji wetu hawakuwa na wa kuwasemea; lakini mwaka 2017 chama cha wafanya biashara ya nguo zilizotumika cha Marekani kililalamika kwa serikali yake kwamba kazi za watu wao zitapotea. Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia ushuru wake, na mwaka 2018 Marekani ikaiondolea nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Hivyo twaona kwamba nchi maskini haiwezi kila wakati kufunga mlango itakavyo. Lakini hata kama haiwezi kuzuia bidhaa, yaweza kumwangalia mtu aliyeumizwa nazo.

Na tutazame sisi wenyewe. Jumapili hii tukihesabu mashati ya mitumba yaliyomo kanisani, ni wangapi watabaki nje ya hesabu? Hatusemi kuvaa mitumba ni dhambi. Mjane mwenye watoto watano anapata nguo za shule kwa bei anayoiweza, naye amshukuru Mungu. Lakini tuone jinsi jambo lilivyo. Faida ya nguo rahisi hugawanywa kwa watu wengi, kila mmoja kidogo. Hasara haigawanywi: humwangukia mtu mmoja na nyumba yake, yote kwa siku moja. Hapo ndipo haki inapoanza. Ikiwa sisi sote tumepata unafuu, na serikali imetoza ushuru wake kwa kila belo lililopita bandarini, basi si haki mzigo wote abebe yule mmoja peke yake.

3. Neno la Mungu lasema nini?

Kwanza, tusome Kumbukumbu la Torati 15:12-15. Mwebrania aliyetumika miaka sita aliachwa huru mwaka wa saba. Lakini Torati haikutosheka na kumfungulia mlango. Bwana wake aliamriwa asimtoe bila kitu. Ampe kwa ukarimu katika kundi la wanyama, katika nafaka na katika divai, kwa kadiri Mungu alivyombariki. Angalieni sababu mbili zinazoonekana hapo. Mali ile ilipatikana kwa jasho la mtumishi pia. Tena Israeli walipaswa kukumbuka kwamba nao walikuwa watumwa Misri. Basi kile anachopewa mtu wakati wa kuachishwa kazi si sadaka, ni sehemu ya jasho lake.

Pili, tusome Mathayo 20. Twajua kwamba Bwana wetu hapo afundisha juu ya neema ya Ufalme wa mbinguni. Lakini mfano wenyewe aliuchukua sokoni, kwa watu waliosimama bila kazi hata saa ya kumi na moja. Walipoulizwa sababu, walijibu kuwa hakuna aliyewaajiri. Mwenye shamba hakuwaita wavivu. Aliwapa kazi, na jioni akawalipa dinari, ambayo ilikuwa ujira wa siku nzima. Alijua kwamba tumbo la mtoto wa mtu aliyeajiriwa jioni ni sawa na la mtoto wa aliyeajiriwa asubuhi.

Tatu, tusome Matendo 6. Kanisa la kwanza lilikuwa na chakula cha kila siku cha kuwagawia wajane. Hata hivyo wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa. Mitume hawakusema watu waache kunung'unika. Walitaka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wakabidhiwe kazi ile. Twajifunza kwamba msaada bila utaratibu huwafikia wenye sauti na kuwapita wanyonge.

4. Nchi nyingine zilivyofanya

Viwanda vya Massachusetts vilivyotuletea merikani navyo vilipatwa. Katika karne ya 20 kazi ya nguo ilihamia kwanza majimbo ya kusini ya Marekani, na baadaye nguo za nchi za nje zikajaa madukani mwao. Miji iliyokuwa ikivuma kwa mashine ikanyamaza. Aliyemshinda mfumaji wa Ufipa alishindwa naye.

Mwaka 1962, wakati wa Rais Kennedy, Marekani ilitunga sheria ya biashara yenye fungu la kuwasaidia wafanyakazi walioumizwa na bidhaa za nje. Fikira yake ilikuwa hii: taifa zima linanufaika na biashara, basi taifa zima limsaidie aliyepoteza. Msaada wenyewe ulikuwa wa namna tatu hasa: posho ya kuishi wakati mtu hana kazi, mafunzo ya kazi mpya, na fedha za kuhamia mahali penye kazi. Lakini masharti yalikuwa magumu mno, hata kufikia mwaka 1969 hakuna kundi la wafanyakazi lililokuwa limekubaliwa. Mwaka 1974 sheria ililegezwa, na wafanyakazi watatu tu wa mahali pamoja waliweza kuleta maombi. Wengi wakasaidiwa. Walakini mwaka 2022 muda wa mpango ulikwisha bila kuongezwa, na tangu Julai 1 mwaka huo maombi mapya hayakukubaliwa tena. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo zilianzisha mfuko wa kazi kama hiyo, ulioanza mwaka 2007.

Mambo mawili twajifunza. Kumbe hata mataifa matajiri yalikiri kwamba mtu huyu anadai. Na sheria nzuri isiyo na mlango wa kuingilia ni kama chakula cha wajane katika Matendo 6: kipo, lakini hakifiki.

5. Kwetu Tanzania

Sisi hatuna mfuko uliotengwa kwa ajili ya walioachishwa kazi kwa sababu ya bidhaa za nje. Lakini si kweli kwamba hakuna kitu. Wengi hupoteza haki zao kwa kutojua tu. Basi kila mzazi mwenye mtoto kiwandani ashike mambo haya.

(a) Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri anayetaka kupunguza watu atoe taarifa kabla, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe. Washauriane kama upunguzaji waweza kuepukwa, watachaguliwaje wa kuondoka, na watalipwa nini. Kuwakuta watu langoni asubuhi na kuwaambia warudi nyumbani si utaratibu wa sheria.

(b) Aliyepunguzwa alipwe mshahara wa siku alizofanya, likizo aliyostahili, malipo ya notisi kama hakupewa notisi, na kiinua mgongo. Kiasi cha chini cha kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa kazi, isizidi miaka 10. Tufanye hesabu. Aliyefanya kazi miaka 4 hupata mshahara wa siku 28. Aliyefanya miaka 10 hupata wa siku 70. Na aliyefanya miaka 25, sheria humhakikishia siku zile zile 70. Hapo twaweza kujiuliza mbele ya Torati kama huo ndio ukarimu ulioamriwa. Chama cha wafanyakazi chaweza kupatana na mwajiri zaidi ya hapo, maana sheria imeweka kiasi cha chini tu. Kama mtu aliajiriwa huku kwetu akapelekwa mbali, adai pia nauli yake na ya mizigo yake kurudi alikoajiriwa. Na kila mtu apewe hati ya utumishi.

(c) Mwenye madai aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Shauri la kuachishwa kazi isivyo halali lapaswa kufikishwa katika siku 30. Madai mengine katika siku 60. Nalo hufunguliwa katika ofisi ya eneo ambako jambo lilitokea. Tulitie sana moyoni jambo hili sisi wa Kipili. Kijana akiachishwa Dar es Salaam, moyo humwambia arudi nyumbani kwanza. Anasafiri mpaka Sumbawanga, anashuka Namanyere, anafika ziwani, anapumzika, anasimulia. Na alipotakiwa kudai ni kule alikotoka. Siku 30 zinakwisha akiwa bado anapokea pole. Aliyechelewa aweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima aeleze sababu ya kutosha. Basi ushauri wetu ni mmoja: fungua madai kwanza, ndipo upande basi.

(d) Mwanachama wa NSSF aliyechangia angalau miezi 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, aulize habari ya fao la kukosa ajira. Fao hilo ni kama theluthi moja ya mshahara wake, kwa muda wa miezi 6. Masharti mengine ataelezwa katika ofisi ya mfuko. Aende na barua ya kuachishwa kazi na namba yake ya uanachama.

(e) Kwa ujuzi, iko VETA, iliyoanzishwa mwaka 1994. Hutoa mafunzo mapya, tena huweza kumpima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti cha ujuzi alio nao. Na halmashauri za wilaya zina mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya akina mama, vijana na wenye ulemavu, kutokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani.

Twaona basi kwamba vipande vipo: kiinua mgongo mahali hapa, fao mahali pale, mafunzo pengine. Kinachokosekana ni mkono wa kuviunganisha, ili mtu wa miaka 48 aliyefungiwa kiwanda apokewe mlango mmoja na kuelekezwa yote. Si vibaya raia kumwomba mbunge wake jambo hilo kwa heshima. Ni wajibu.

6. Wajibu wa parishi yetu

Serikali ina sehemu yake, nasi tuna yetu. Kwanza, tumpokee anayerudi bila kumchunguza kama mshitakiwa. Kuteleza si kuanguka. Na huyu hata hakuteleza, alisukumwa.

Pili, kwa mfano wa Matendo 6, parishi iteue watu wawili au watatu wanaojua kusoma barua za kazi na kuzihifadhi siri. Aliyepunguzwa awaonyeshe karatasi zake. Wamsaidie kuhesabu siku, kuandika barua, na kupiga simu ofisini. Kazi hii haihitaji fedha nyingi, yahitaji uaminifu.

Tatu, tuutumie ujuzi wake. Mtu aliyetunza mashine za kiwanda miaka kumi hashindwi kujifunza injini ya boti. Aliyeshona magunia aweza kushona sare za shule. Kwaya yetu inapohitaji majoho, tununue kitambaa kilichofumwa nchini na kumpa kazi fundi wetu, hata kama bei imezidi kidogo. Kidogo hicho ndicho sehemu yetu ya mzigo ule tuliosema haufai kubebwa na mtu mmoja.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa wenu yuko nani aliyerudi kwa kupunguzwa kazi? Alipokewaje?
2. Tofauti ya sadaka na haki ni nini katika Kumbukumbu la Torati 15:12-15?
3. Kwa nini mwenye shamba katika Mathayo 20 hakuwalaumu waliokosa kazi?
4. Ni watu gani katika parishi yetu wangefaa kwa kazi iliyotajwa katika fungu la 6?

Sala

Ee Mungu, uliyemfanya Mwanao afanye kazi ya mikono katika nyumba ya seremala huko Nazareti: uwaangalie wote walioachishwa kazi yao bila kosa lao. Uwape wenye mamlaka nia ya kutenda haki, na wenye viwanda hofu ya kukukosea. Utupe sisi macho ya kumwona ndugu aliyerudi, na mikono ya kumsaidia, asiingie nyumbani kwake bila kitu wala bila mtu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.